Nivalie Siku Mbili

Chumba cha mashine za moyo, hospitalini
Jumatatu, 4 Machi

Cheche mdogo wangu,

Usianze kucheka kabla hujamaliza kusoma. Kwenye simu unacheka mpaka nasahau nilichotaka kusema, ndiyo maana naandika. Na huko kwenye matangi ya mafuta simu mnaziacha getini, basi barua itakufikia tu, hata ukikimbia.

Ndani ya mfuko huu kuna kidude chenye nyaya tano. Kinabandikwa kifuani na kuvaliwa siku mbili, usiku na mchana, kikiandika kila pigo la moyo. Nakipitisha kwa mkeo, naye atampa yule dereva wa lori la vyuma akuletee. Kivae ukiwa kazini kama kawaida. Ukimaliza, kirudi kwa njia hiyo hiyo.

Nakueleza tena, maana Januari ulipokuja kupigwa picha ya moyo macho yako yalikuwa mlangoni. Baba alianguka akifunga ghala. Kaka yetu alianguka kwa kinyozi akisubiri zamu yake, kijana mbichi kabisa. Kuta za moyo wako ni nene kama zao zilivyokuwa, hilo halina ubishi. Sasa, katika wenye moyo huo, wengine huzeeka wakacheza na wajukuu, wengine huanguka. Daktari anajaribu kukisia nani ni nani. Anaangalia unene wa kuta, waliokufa ghafla katika ukoo, kama mtu amewahi kuzimia, na kama moyo huwa unakurupuka na kukimbia wenyewe. Anajumlisha, kisha anasema kati ya watu mia kama wewe, kadhaa wataanguka ndani ya miaka mitano. Ni kina nani hao, hajui.

Wewe uko mpakani. Ulisema hujawahi kuzimia, kwa hiyo kimebaki kidude hiki. Mistari ikiwa mibaya utawekewa mashine ndogo chini ya ngozi, na siku moyo ukisimama iushtue uamke. Ikiwa safi, tunasubiri na kumwomba Mungu.

Najua unaogopa nini. Mwenye mashine hiyo Daktari hamruhusu kuchomelea tena, umeme wa kazi yenu unaichanganya. Lakini mdogo wangu, nimeshawafunika sanda wawili. Sitaki wa tatu.

Dada yako

*

Kwenye matangi
Jumamosi, 9 Machi

Sindano wangu,

Kidude kimefika na nakirudisha kwako leo leo, kabla msimamizi hajakiona. Huku ukionekana na nyaya kifuani unaambiwa kusanya virago. Hakuna anayetaka fundi mgonjwa juu ya tangi.

Sasa sikiliza, na usinune. Nivalie. Siku mbili tu. Bandika kama ile picha kwenye karatasi inavyoonyesha, shona zako nguo, lala, amka, kisha kipeleke kwa Dada. Wewe una moyo wa punda, mistari itatoka imenyooka kama rula, Dada atapata usingizi na mimi nitaendelea na kazi. Nani ataumia?

Usiniambie habari ya Baba na Kaka. Nawajua. Dada ana watu mia wake wa kwenye hesabu, mimi siwafahamu hao watu. Mimi ni mmoja, na huyo mmoja kazi anayoijua ni kuunganisha chuma na chuma. Nikishushwa chini nitakuwa nani? Nikae nyumbani nikushikie futi?

Lile giza lililonijia mwezi uliopita juu ya ngazi ilikuwa njaa. Nilikuambia wewe kwa sababu wewe ni wewe. Lisivuke hapo.

Mbusu binti.

Mumeo Cheche

*

Nyumbani
Jumatano, 13 Machi

Cheche,

Nimekivaa. Laiti ningejua siku ile ya harusi kuwa nimeahidi na hili! Nimekula nacho, nimelala nacho, nimepima wateja nacho chini ya dera. Mama mmoja alinigusa hapa kifuani akasema, "Shoga, umefunga nini, bomu?" Nikamwambia ni dawa ya kunenepesha. Sasa anaitaka.

Binti anasema mama amekuwa redio.

Jambo moja tu. Jana jioni sufuria iliponyoka jikoni ikalia chini kwa kishindo, nikashtuka, na dunia ikazima kidogo. Nilijikuta nimekaa sakafuni. Kidogo tu, hata wali haukuungua. Nadhani nimechoka, hizi sare za shule zitanimaliza.

Kidude kimeondoka leo asubuhi kwenda kwa wifi. Mungu anisamehe kwa kumdanganya, maana nampenda kuliko ninavyokupenda wewe kwa wiki hii.

Mkeo

*

Chumba cha mashine za moyo
Jumatano, 27 Machi

Mdogo wangu,

Barua hii ukiisoma ukiwa juu, shuka.

Mistari imetoka. Jioni ya siku ya pili moyo wako ulikurupuka na kukimbia ovyo, mapigo juu ya mapigo, ukakaribia kabisa kuacha kusukuma damu. Halafu ukarudi wenyewe. Niliona sehemu ile nikatoka nje ya chumba nikasimama ukutani. Nimesoma mistari ya watu wengi katika kazi hii, lakini sijawahi kusoma ya mtu niliyembeba mgongoni.

Sikuweza kuendelea. Nilikata kile kipande kibaya nikampelekea Daktari. Hakupepesa macho. Amesema kwa kuta zile, na ukoo ule, na sasa mbio hizi, wewe si wa mpakani tena. Nafasi yako ya mashine ni tarehe 22 Aprili. Mpaka siku hiyo usipande ngazi, usinyanyue kizito, usichomelee hata bawaba.

Ulijisikiaje jioni hiyo? Mbona hukuniambia?

Dada yako

*

Kwenye matangi
Jumatatu, 1 Aprili

Sindano,

Soma barua ya Dada niliyoiambatanisha. Jioni ya siku ya pili! Si ndiyo ile ya sufuria?

Kama mistari ile ni ya kweli basi ni moyo wako, si wangu. Au ni cherehani? Niambie ni cherehani. Ile ya umeme inatikisa meza nzima, labda kidude kimeshika mtikisiko wake.

Namwandikia Dada kesho nimwambie ukweli wote. Atanitukana, na atukane.

Unajisikiaje? Usinitanie. Nijibu.

Cheche

*

Nyumbani
Alhamisi, 4 Aprili

Mume wangu,

Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako.

Bila shaka ni cherehani. Nilikuwa naifukuza mpaka meno yanagongana, zile sare zilikuwa zichukuliwe kesho yake. Wa kwetu hakuna aliyeanguka ninayemjua, na mimi tangu nizaliwe sijalazwa ila siku ya kujifungua. Acha kunitafutia ugonjwa.

Kwa hiyo usimwandikie wifi chochote. Tulia unisikilize, maana leo sicheki.

Wewe uliwaficha giza lako la juu ya ngazi. Ungewaambia, Daktari angekuweka mashine hiyo hiyo. Sasa wamekosa giza lako wakapata mbio za cherehani yangu, na hesabu imefika pale pale ilipotakiwa kufika. Ukisema ukweli nusu, watafuta jina lako kwenye orodha ya mashine na wewe utapanda tena ngazi, maana nusu nyingine huwezi kuisema, nakujua. Mimi nimeolewa na watu wa ukoo unaoanguka. Kila lori la vyuma likipita hapa nje huwa naangalia kama dereva anatazama chini. Nimechoka kuangalia nyuso za madereva, Cheche.

Njoo nyumbani. Wakuwekee. Utanichukia mwaka mmoja, kisha utazoea.

Na ukimwambia wifi, hakika nitasema na mimi habari za giza lako, tuaibike wote.

Mkeo

*

Nyumbani
Jumapili, 16 Juni

Dada,

Shikamoo. Kidonda kimekauka. Mashine yenu imekaa hapa chini ya bega kama sabuni ya kipande. Binti anaigonga kila asubuhi anauliza kama kuna mtu ndani.

Umeniuliza kwa nini siku ile wodini sikukutazama usoni. Nilikuwa nimechoka, basi.

Kazi nimepata, kama utaiita kazi. Napaka rangi mageti waliyochomelea wengine. Jana nimepaka geti lina maungio kama matapishi, nikasimama nikilitazama mpaka mwenye nyumba akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa ndiyo.

Nisamehe, najua umenitendea wema. Lakini nakuambia wazi, siku mkigundua kwamba mlikosea, nitaing'oa mashine hii hata kwa koleo, na jioni hiyo hiyo nitakuwa juu ya tangi. Sindano akisikia hivyo huwasha cherehani yake, hata kama hana nguo ya kushona.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Ijumaa, 19 Julai

Wifi yangu mpendwa,

Za kazi? Huku ndugu yako ananuna kwa zamu, asubuhi ananuna yeye, jioni geti. Lakini yupo. Nikinyoosha mkono usiku namgusa. Hilo sitakulipa mpaka nakufa.

Ningekupigia lakini kwenye simu wateja wote hutega masikio, na hili ni la mteja. Kuna mwanamke nafanya naye kazi za nguo, umri wangu. Aliwahi kuvaa kile kidude cha siku mbili, mahali fulani, kwa sababu zake. Mistari yake ikatoka na mbio kama zile za Cheche. Picha ya moyo hajapigwa. Hana uvimbe, hana chochote, anafanya kazi kutwa. Giza humjia mara chache. Anauliza, mtu kama yeye naye ataanguka? Yaani katika watu mia, yeye ni wa ngapi?

Nimemwambia wifi yangu ndiye anayejua, nitamwuliza.

Sindano

*

Chumba cha mashine za moyo
Alhamisi, 25 Julai

Wifi,

Umenichekesha na zamu za kununa. Huyo alinuna hata siku ya kutahiriwa kwa sababu kuku alikuwa mdogo.

Huyo mteja wako asihangaike sana. Kijana, mwanamke, anayefanya kazi kutwa bila kuchoka, mara nyingi kuta za moyo wake huwa za kawaida, na mbio fupi kwa mtu wa namna hiyo mara nyingi si kitu. Wengi huishi wakazeeka. Cheche ni habari nyingine, yule ana kuta na ana ukoo.

Lakini simpimi mtu kwa barua. Mwulize mambo mawili. Kwanza, hilo giza humjia akishtuliwa, kwa kelele, kwa kishindo? Pili, kwao kuna aliyekufa usingizini, au akiogelea, au mtoto aliyekufa ghafla bila homa? Likiwepo mojawapo, aje kwangu haraka, nitampitisha mwenyewe. Mwambie asiogope. Na asikae nayo moyoni, mficha maradhi kifo humuumbua.

Nakushukuru kwa kumtunza ndugu yangu. Sijui ningefanya nini bila wewe.

Wifi yako

*

Nyumbani
Jumatatu, 5 Agosti

Wifi,

Nimemwuliza. Anasema la kwanza ndiyo, kidogo. La pili hajui, hakulelewa na wazazi wake, waliomzaa hata sura zao hazijui. Sasa atamwuliza nani?

Nimemwambia aje kwako. Anasema atakuja sare zikiisha, na mambo ya nyumbani kwake yakitulia kwanza. Kuna mtu hapo kwake akisikia sababu ya safari atafanya upumbavu, kwa hiyo anasubiri huyo mtu azoee. Mimi naona ana akili.

Umesema wengi huzeeka. Hilo nimemwambia mara mbili, alifurahi.

Cheche jana kacheka. Kweli kabisa, kwa sauti, binti alimpaka rangi ya geti puani. Nikasema Mungu, basi, usiguse kitu.

Sindano

*

Chumba cha mashine za moyo
Alhamisi, 12 Septemba

Sindano,

Hii ni ya kwako peke yako. Dereva nimemwambia akupe mkononi.

Jana mashine ya Cheche imesomwa. Tangu iwekwe haijaona mbio hata moja. Daktari amefurahi, mimi nikashindwa kufurahi. Nimeitoa ile mistari ya Machi kabatini, safari hii nimeisoma yote tangu pigo la kwanza. Mganga hajigangi, na wa damu yake pia hamgangi. Ile Machi niliona nilichokuwa nakiogopa nikaishia hapo.

Moyo mnene huacha alama yake katika kila pigo, hata ukiwa umetulia. Mistari ile haina alama hiyo. Ni ya moyo wenye kuta za kawaida, ila kila pigo linachelewa kufunga, linaning'inia. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, Sindano, na ni wa kuzaliwa. Hauonekani kwenye picha na hauchoshi mtu. Anaweza kufanya kazi kutwa.

Ni wewe. Mteja ni wewe. "Hakulelewa na wazazi wake", nami nikasoma nikageuza karatasi. Nilikuandikia kwamba "si kitu", kwa mkono wangu huu.

Sina hasira. Ungekuwa hapa ningekukumbatia kwanza, kisha ningekuzaba kofi. Mashine ya Cheche haitoki, amini hivyo, nimezungumza na Daktari. Na lile giza la ngazini ninalihisi hata kama hamkunitajia, najua anavyoficha. Kwa hiyo huna tena wa kumlinda. Njoo leo. Panda gari la kwanza, mwache binti kwa jirani.

Mpaka ufike, kaa mahali pa utulivu. Mioyo ya namna yako huponzwa na mshtuko, sufuria kuanguka, mlango kubamizwa, simu kulia ghafla karibu na sikio. Kuna dawa, wifi. Ya vidonge tu, ya kila siku, watu wanaimeza na kuishi. Hukuhitaji hata kupasuliwa.

Nimekupigia tangu saa tatu asubuhi, inaita tu hupokei. Ya Cheche haipatikani. Dereva anaondoka sasa, lakini nitaendelea kupiga.

Wifi yako

*

Nyumbani
Ijumaa, 13 Septemba

Dada,

Tumemzika leo mchana. Wamesema umeshapata habari kwa majirani na uko njiani. Lakini kuna mambo siwezi kukuambia ukiwa unanitazama, nitayaweka hapa kwenye meza yake uyasome ukifika.

Mistari ya Machi haikuwa yangu. Nilimwambia anivalie. Ilipotoka mibaya tukasema ni cherehani, mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini, na yeye nadhani hakuamini hata siku moja. Alikaa nayo. Alikuwa ananilinda nisirudi juu.

Jana asubuhi nilikuwa nyumbani, rangi ilikuwa imekwisha na simu yangu haina chaji. Alikuwa anashona, ananisimanga kwamba nanuka tapentaini. Simu yake ikalia pale mezani, karibu kabisa na mkono wake. Akashtuka, akacheka kwa kushtuka kwake, akasema, "Ni wifi huyo," akanyoosha mkono kuipokea. Hakuifikia. Alianguka na kitambaa mkononi.

Dada, wodini mlimwita yeye pembeni mkamfundisha namna ya kubana kifua siku mimi nikianguka. Alikuja nyumbani akawa anafanya mazoezi juu ya mto, anahesabu kwa sauti, mimi nimelala namcheka. Mimi hakuna aliyenifundisha. Mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa.

Nilimnyanyua nikamlaza juu yangu, kifua kwa kifua. Nikaibana ile mashine kwenye moyo wake kwa nguvu zangu zote, nikawa nasema mshtue, mshtue huyu. Nilidhani labda ingeruka. Ilinyamaza kimya. Ilikuwa inasikiliza moyo wangu tu, na moyo wangu ulikuwa unapiga vizuri.

Binti nitakupa ukifika. Mpime maradhi ya kwetu na ya mama yake, yote mawili.

Simu iliendelea kulia. Ilikatika, ikalia tena, ikakatika, ikalia tena. Sikuipokea kwa sababu mikono yangu ilikuwa imemshika. Jioni niliitazama nikaona zote ni wewe, kutwa nzima wewe. Ulikuwa unataka kumwambia nini?

Mdogo wako